ASALI NJEMA HAITAKI MOTO

Wasomaji wetu wa Tanga wajua ya kuwa asali si kitu kigeni katika nchi hii. Iko asali ya misitu ya Handeni, tena iko ya pwani, itokayo katika maua ya minazi na mikoko. Walakini mtu anunuaye chupa hapa Chumbageni pengine huona ya kuwa asali yake yanuka moshi, na baada ya miezi michache yatoa povu na kuchacha. Mnunuzi huyo harudi tena, na hasara ni ya mfugaji. Twapenda kueleza sababu zake.

Sababu ya kwanza ni moto. Warina wengine huenda usiku na kinga cha moto, wakaunguza mlango wa mzinga. Nyuki hufa kwa wingi, na waliosalia huhama. Tena cheche zikianguka katika majani makavu msitu huwaka, na maua ya mwaka ujao hupotea. Moshi kidogo watosha. Nyuki akisikia harufu ya moshi hujijaza asali tumboni apate kukimbia nayo, naye akishiba si mwepesi wa kuuma. Tena moshi huifunika ile harufu ambayo kwayo nyuki huwaita wenziwe vitani.

Sababu ya pili ni haraka. Nyuki huleta maji matamu ya maua, huyapepea kwa mbawa hata yakawa mazito, kisha hufunika kila tundu kwa nta. Sega lililofunikwa ndilo lililoiva. Katika sehemu 100 za asali, maji yasizidi sehemu 20, yakizidi, itachacha. Basi sega lisilofunikwa lisikatwe, wala lenye majana, maana majana ndiyo nyuki wa kesho. Na nyuki waachiwe akiba yao. Chombo cha kutilia asali kiwe safi na kikavu, chenye kifuniko.

Wala nta isitupwe. Kabla ya vita vya 1914 nta ya nchi hii ilikuwa ikipelekwa Ulaya, na hata leo ina wanunuzi. Masega yaliyokamuliwa yayeyushwe katika maji ya moto, yachujwe kwa nguo. Maji yakipoa, nta huganda juu.

Jambo la mwisho ni mizinga. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, basi kila mzinga wa gome ni mti mmoja uliopotea. Mzinga wa sanduku, wenye vibao vya kuning'inizia masega, hukaguliwa bila kuharibiwa, na hudumu miaka mingi.

Viongozi wa vijiji na walimu, shauri hili ni lenu pia. Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 yatoa njia ya kijiji kutenga hifadhi yake ya nyuki. Wazee walisema, Fuata nyuki ule asali, hawakusema mchome.