Paka wa Ghorofani Anahitaji Njia ya Kushuka

Chumba cha mita tatu kwa nne kina sakafu ya mita za mraba 12. Kikishaingia kitanda, kabati, meza na kochi, paka hubakiwa na vichochoro vya kupita na kieneo kidogo karibu na mlango. Chumba hichohicho, kama dari iko mita 2.7 kutoka chini, kina kuta zenye jumla ya karibu mita za mraba 38. Toa mlango, toa madirisha, toa sehemu iliyofunikwa na kabati. Bado kinachobaki kinaizidi sakafu maradufu. Mpangaji anakilipia kodi kila mwezi na hakitumii, isipokuwa labda kwa kalenda na saa tu. Paka angekitumia mchana kutwa.

Paka wanaofugwa ndani ya fleti bila kutoka nje wapo Upanga na Kariakoo, wapo Kilimani na Roysambu, na wenye nao wana sababu za kueleweka. Barabarani kuna bodaboda na magari, uani kuna mbwa, na sumu ya panya aliyoitega jirani haichagui itamuua nani. Paka wa ndani anaepukana na hayo yote. Anachokosa ni kile ambacho paka wa Lamu anacho bila kupewa na mtu, yaani njia za juu. Katika Mji wa Kale wa Lamu vichochoro ni vyembamba, chini wanapita watu na punda, na paka ana barabara yake juu ya kuta za mawe ya matumbawe, kwenye baraza, kwenye kingo za madirisha na mapaa. Akichoshwa na watoto anapanda hatua mbili, basi, hakuna anayemfikia. Paka wa fleti akichoshwa na watoto hujibanza chini ya kitanda, na hukohuko anafuatwa na kuvutwa mguu.

Hamu hiyo ya kupanda haikuzaliwa mjini. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya paka 979, wa mwituni na wa kufugwa, ulioonyesha kwamba paka wote wa majumbani wanatokana na kimburu, jamii ileile ya paka mwitu inayoishi Afrika na Mashariki ya Kati, na ambayo hadi leo inawinda usiku katika mbuga za Serengeti na Tsavo. Kimburu hula panya, ndege na mijusi. Lakini uzito wake ni kilo chache tu, na chui, simba mangu, tai na chatu humla yeye. Mnyama wa kimo hicho huishi kwa maswali mawili yasiyoachana: yuko wapi ninayemla, na yuko wapi anayenila? Tawi la mti au kilele cha jabali humjibu yote mawili kwa pamoja. Huko Kupro, katika kijiji cha kale cha Shillourokambos, wanaakiolojia walifukua paka aliyezikwa kando ya binadamu miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Muda wote huo wa kuishi nasi haujayafuta maswali yale. Mgeni akigonga mlango, paka wako bado anayauliza.

Asipopata jibu, mwili wake huanza kulipa. Kuna ugonjwa wa kibofu unaowapata paka wa ndani ambao madaktari wa wanyama wanaufahamu vizuri: paka anakojoa kidogokidogo kwa maumivu, mara nyingine mkojo una damu, mara nyingine anakojolea kochi, na vipimo havionyeshi bakteria wala mawe. Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, aliutafiti kwa miaka mingi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006, yeye na wenzake waliwaongoza wenye paka 46 wenye ugonjwa huo wabadilishe mazingira ya nyumbani. Waliwapa sehemu za kujificha na za kupanda, muda wa kucheza na sanduku la mchanga lililo safi, na wakapunguza migogoro kati ya paka na paka. Kwa miezi kumi ya ufuatiliaji dalili zilipungua sana, na hata woga na wasiwasi wa paka hao ulishuka. Ni haki kusema wazi kwamba mambo yalibadilishwa mengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuipa rafu peke yake sifa zote. Hata hivyo utafiti mwingine, wa Uholanzi mwaka 2014, ulichukua kitu kimoja tu. Paka 19 walioingia kituo cha kuwahifadhi waligawanywa, baadhi wakapewa boksi la kujificha na wengine wakakosa. Waliopewa boksi walitulia mapema zaidi. Boksi la karatasi! Unaona jinsi mnyama huyu anavyodai vichache.

Sasa tuje kwenye mwili, kwa sababu huko ndiko mafundi wengi wanakokosea. Mtulinga wa paka haukuungana na mifupa mingine kama wetu. Umeshikiliwa na misuli tu, hivyo mabega yake yanaweza kubanana na kupita penye upenyo mdogo. Uti wa mgongo unapinda na kunyooka kuliko wetu, na miguu ya nyuma ina nguvu ya kumrusha mita moja na nusu kwenda juu bila kukimbia kwanza. Kucha zake zimepinda kuelekea nyuma kama ndoana. Paka akipanda shina la mti, uzito wake wenyewe unazizamisha kucha kwenye gome, na kadiri anavyovutwa chini ndivyo anavyoshika zaidi. Akigeuka kichwa kikatangulia chini, kucha zilezile hazishiki kitu. Zinateleza.

Katika misitu ya Amerika ya Kati na Kusini yupo paka mdogo aitwaye margay aliyelitatua tatizo hilo: vifundo vya miguu yake ya nyuma vinageuka kiasi kwamba nyayo zinaweza kutazama nyuma, naye hushuka mti kichwa mbele kwa raha zake. Paka wetu hana vifundo hivyo. Akiwa juu, ana njia mbili: ashuke kinyumenyume kwa kusitasita, au aruke. Akiruka, miguu ya mbele ndiyo hutangulia kupokea mshindo. Ndiyo maana paka hupanda juu ya friji kwa sekunde moja na kulia dakika kumi akitafuta pa kushukia. Mtu anayetundika rafu moja juu ya mlango na kuona paka kaifikia hudhani kazi imekwisha, kumbe ametengeneza nusu, tena nusu iliyo rahisi.

Kwa hiyo panga njia kuanzia juu. Chagua mahali pa mwisho, pale paka atakapolala akitazama chumba kizima, kisha teremka kwa hatua za sentimita 30 hadi 40 mpaka ufike kwenye kitu ambacho tayari kipo, mgongo wa kochi au meza ya pembeni. Rafu ya kupitia iwe na upana wa sentimita 25 au 30, ili paka aweze kugeuka bila kuhangaika. Ya kulalia iwe pana zaidi, na iwe na ukingo mdogo. Mbao iliyopigwa vanishi inateleza. Gundisha kipande cha zulia juu yake. Zipange rafu kwa mshazari, moja kushoto na nyingine kulia. Zikipangwa wima moja juu ya nyingine, paka atalazimika kujirusha nje na kurudi ndani.

Kama paka ni wawili, njia ziwe mbili. Rafu inayoishia kwenye kona ni mtego: mkubwa anakaa mlangoni mwake na mdogo hana pa kutokea. Uchunguzi wa Penny Bernstein na Mickie Strack, uliochapishwa mwaka 1996, uliwafuatilia paka 14 waliokuwa wakiishi nyumba moja, na kuona kwamba waligawana sehemu walizozipenda kwa zamu, huyu asubuhi, yule mchana. Zamu ya namna hiyo inahitaji mlango wa kuingilia na mwingine wa kutokea.

Halafu kuna pangaboi. Nyumba nyingi za Pwani zina feni ya dari, nami ningependa kila anayechukua keekee mkononi aitazame kwanza. Paka aliye kwenye rafu ya juu na kuona mabapa yanazunguka anaona kitu cha kukamata. Rafu ikae mbali kuliko mkono wa paka unavyofika, na mbali kuliko anavyoweza kuruka akiwa na msisimko. Jingine ni joto. Hewa ya moto hupanda, na katika fleti ya juu kabisa, chini ya paa la bati, mwezi wa Februari jijini Dar es Salaam, rafu iliyo karibu na dari haikaliki. Huko ishushe hadi usawa wa kifua cha mtu, karibu na dirisha, na paka ataridhika.

Ukuta wa matofali ya saruji hubeba vizuri ukitobolewa ipasavyo na skrubu ndefu zikashika. Ukuta wa jasi ni suala lingine. Paka wa kilo nne anapotua kwa kuruka huukandamiza ubao kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na jasi pekee hailiwezi hilo. Wapangaji wengi, hata hivyo, hawaruhusiwi kutoboa chochote. Hapo seremala wa mtaani anaweza kutengeneza mnara wa kusimama wenyewe: kitako kipana na kizito, nguzo mbili, vibao vitatu au vinne. Uzito uwe chini. Mnara ukiyumba mara moja paka akiwa juu, hataukaribia tena kwa siku nyingi, na mimi namwona ana haki.

Nguzo hizo zizungushie kamba ya katani. Paka hakwaruzi kochi kwa ukorofi. Anapokwaruza anavua ganda la nje la kucha lililochakaa, ananyoosha misuli ya mgongo na mabega, na tezi zilizo kati ya vidole vyake zinaacha harufu inayosema mahali hapa ni pake. Nyuzi za katani ni ngumu, kucha zinazama na kutoka, na nguzo yenye urefu wa sentimita 80 au zaidi inamruhusu kujinyoosha mwili mzima. Hapa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuagiza kitu hicho. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta mkonge, mmea unaotoa katani, Tanganyika mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, iliyofika Tanga hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea hadi nchi ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Leo mkonge unalimwa Tanga na Morogoro, unalimwa Vipingo na Taita-Taveta, na katani inauzwa kwa mita katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Tafuta ile isiyonuka mafuta ya mashine. Kuona mtu analipa fedha nyingi kwa nguzo ya paka iliyovuka bahari, imezungushiwa nyuzi kama zile zinazoota njiani kwenda Korogwe, kunaniuma.

Dirisha ni jambo la hatari, na watu hulipuuza kwa sababu wamesikia kwamba paka huanguka kwa miguu. Ni kweli anajigeuza hewani; mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey alilipiga picha tendo hilo mfululizo mwaka 1894, na kitoto cha paka huanza kujifunza kikiwa na wiki tatu au nne. Ila kutua kwa miguu na kutoumia ni vitu tofauti. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York walichapisha habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani na kupelekwa hospitali moja katika miezi mitano. Asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, na takwimu hiyo imezungushwa duniani kana kwamba paka hadhuriki. Waliokufa papo hapo hawakupelekwa hospitali. Waliopelekwa walikuwa na vifua vilivyoumia, taya na miguu iliyovunjika. Huko Zagreb, uchunguzi wa paka 119 uliotoka mwaka 2004 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu walikuwa hawajatimiza mwaka mmoja, wadogo wanaofukuza ndege wakasahau ukingo.

Nondo za madirisha yetu zimewekwa kuzuia wezi. Paka anapita katikati yake bila kugusa. Wavu wa mbu nao hupasuka kwa kucha. Rafu ya dirishani isiwekwe kabla ya wavu wa waya uliokazwa kwenye fremu, na roshani vilevile.

Paka akizeeka, ngazi yako izeeke naye. Katika utafiti wa mwaka 2002 uliopiga eksirei paka 100 wenye zaidi ya miaka 12, asilimia 90 walionekana kuwa na dalili za kuchakaa kwa viungo. Wengi hawachechemei. Wanaacha tu kupanda walikokuwa wakipanda, na mwenye paka anasema ametulia kwa umri. Ongeza vibao katikati, hatua ziwe za sentimita 15 au 20, na kile kitanda cha juu kishushwe kidogo. Mara nyingi anarudi kupanda.

Usimbebe paka na kumweka juu siku ya kwanza. Tandika hapo kitambaa alichokilalia, chenye harufu yake, na weka kipande cha dagaa kwenye kila hatua. Mwingine atafika juu kabla seremala hajakusanya vyombo vyake; mwingine atangoja wiki kadhaa hadi usiku mtu asipomwona. Kisha mtazame anavyoshuka. Pale anaposita, anaponusa chini na kurudi nyuma, au anapoamua kujirusha, hapo pamekosekana kibao kimoja. Kiongeze.