Kamio imelala miaka mingi: namna ya kujua bei yake na kuiuzisha bila hasara



Kutoka Kamanyola mpaka Uvira, na kushuka Makobola hadi Baraka, ziko koperative zenye mali moja ambayo haionekani tena mu kitabu cha hesabu: kamio ya zamani. Wakati wake ilibeba mpunga na muhogo wa bonde la Ruzizi, na zamani ilibeba pamba pia. Kisha piyesi ikakosekana, ao vita ikafika, ao shofere akafariki. Wakaisukuma ndani ya parseli ya mutu, pengine Rugenge, pengine Sange, na wakaiacha pale. Leo majani yameota katikati ya magurudumu na kuku wanataga ndani ya kabini.

Siku moja munuzi anafika na makuta mukononi. Anasema: "Ile chuma yenu, naitosha leo leo." Kama hamujafanya hesabu mbele, yeye njo atapanga bei. Na ile kamio ilinunuliwa na mchango wa watu. Wengine kati yao wamekwisha kufa, na wajane na watoto wao wangali na haki ndani yake. Kuiuzisha vibaya ni kama kuuzisha shamba la mutu asiyekuwepo.

Mu makala hii tunaeleza mambo matano: kujua kamio ni ya nani, kuilinda mbele ya kuiwasha, kuipima, kupanga bei, na kuiuzisha mbele ya watu wote.

1. Kamio ni ya nani?

Anzeni na karatasi, si na motere. Tafuteni karte roz, fakture ya kununua, karatasi ya duane kama iliingia kutoka inchi ingine, na PV ya mukutano ulioamua kuinunua. Kisha pelekeni tochi chini ya kamio, mupanguse shasi na burashi ya chuma, musome namba iliyopigwa pale. Kila herufi inapaswa kulingana na karte. Kama herufi moja tu inatofautiana, munuzi muzuri atakimbia, na munuzi mubaya atashusha bei nusu.

Familia nyingi za kwetu zilipoteza karatasi wakati wa vita ya 1996 na ya 1998. Kama na zenu zilipotea, musinyamaze. Andikeni maneno ya wazee wanaojua namna kamio ilinunuliwa, waweke sahihi, mupeleke kwa notere na kwa ofisi inayotoa karte na plaki, muulize njia ya kupata karatasi ingine na garama yake. Fanyeni vile mbele ya kutafuta munuzi, sababu kamio bila karatasi, kwa munuzi, ni chuma tu.

Neno moja juu ya fakture za zamani. Zingine zimeandikwa kwa zaire. Mu 1993 zaire milioni 3 za zamani zilikuwa zaire mpya 1, na mu 1998 zaire mpya 100.000 zilikuwa franga 1 ya Kongo. Kwa hiyo bei ile iliyoandikwa haisaidii kitu kwa hesabu ya leo. Lakini musitupe ile fakture: inashuhudia kwamba mulinunua, na ushuhuda ule una bei.

2. Musiwashe motere mara moja

Hapa njo wengi wanaharibu mali yao. Munuzi anafika, vijana wanaleta batri ya kuazima, wanasukuma, wanavuta. Motere iliyolala miaka kumi ikizungushwa kwa nguvu bila mafuta, segment zinapasuka na silinda zinakwaruzika. Asubuhi mulikuwa na motere ya kutengeneza, mangaribi muko na motere ya kutupa.

Sisi watu wa ziwa tuko na mufano mukubwa: meli Liemba. Ilijengwa Ujerumani mu 1913, ikiitwa Graf von Goetzen. Mu Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wao wenyewe kusini ya Kigoma ili isikamatwe. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini zake grisi nyingi. Waingereza waliiinua mu 1924, wakakuta mashini zingali zinaweza kutengenezwa, na mu 1927 meli ikarudia kazi. Ililala ndani ya maji miaka karibu nane! Kinachoua mashini, kupita hesabu ya miaka, ni maji na hewa kukutana na chuma isiyopakwa mafuta.

Basi fanyeni hivi, pamoja na fundi anayejua diezeli:

– Vuteni kijiti cha mafuta ya motere. Kama mafuta yanafanana na maziwa ao chai ya maziwa, maji yameingia.
– Mwagisheni mazutu ya zamani yote, musafishe tanki, mubadilishe filtre. Mazutu iliyolala inaleta maji na uchafu ndani ya pompe.
– Fundi atoe enjekteri, amwage mafuta kidogo ndani ya kila silinda, aache siku moja ao mbili, kisha azungushe motere kwa mukono, polepole.
– Angalieni nyaya. Panya wanapenda kuzikula, na waya uliovuliwa unaweza kuwasha moto.
– Batri nzuri inafungwa mwisho, wakati yale yote yamekwisha.

Na musiingie chini ya kamio iliyoshikwa na krike peke yake. Wekeni mbao nzito ao mawe yaliyopangwa vizuri. Hakuna bei inayolipa maisha ya kijana.

3. Kuipima kamio

Chukueni daftari. Andikeni kwanza aina, mwaka, na namba. Kwa Mercedes-Benz za zamani, namba inasema yenyewe: 911 ni kamio ya tani 9 hivi ukihesabu na mizigo yake, na nguvu ya farasi karibu 110, 1113 ni tani 11 na farasi 130, 1924 ni tani 19 na farasi 240. Ukijua vile, munuzi hawezi kukudanganya kwamba kamio yenu ni ndogo. Na kama yenu ni Magirus-Deutz ya zamani, mujue kwamba motere yake inapozwa na hewa, haina radiatere ya maji. Akifika mutu anaomba mushushe bei "sababu radiatere imeibiwa", muchekeni tu.

Kisha angalieni hivi:

Shasi. Pigeni na nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma nzima inalia. Chuma iliyokuliwa na kutu inatoa sauti ya kufa. Shasi iliyooza inashusha bei kupita motere mbovu, sababu motere inabadilishwa.

Maji ya mafuriko. Mu Aprili 2020 mutoni Mulongwe ulivunja nyumba nyingi mu Uvira, na tangu mwaka ule maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia mu maparseli ya kando ya ziwa. Kama kamio ilisimama ndani ya maji, mufungue bwati ya vitesi na difransieli, muangalie mafuta ya ndani. Musifiche. Munuzi atajua, na akijua mwenyewe hatawaamini tena kwa mambo mengine.

Mipira. Pembeni ya mupira kuna namba nne za tarehe. Kwa mipira iliyotengenezwa tangu mwaka 2000, namba 2309 inamaanisha juma la 23 la mwaka 2009. Mupira wa zamani unaweza kuwa na meno mazuri na bado ukapasuka njiani. Musiuhesabu kama mupira mupya.

Freni. Mara nyingi zinakamata kabisa. Musivute kamio kwa nguvu wakati magurudumu hayazunguki. Mutavunja piyesi zingine.

Pigeni picha za kila upande, na za namba ya shasi. Wekeni picha na ile daftari kwa sekretere.

4. Bei tatu, na ya nne ya mbali

Kamio moja iko na bei zaidi ya moja. Tufanye hesabu ya mufano. Musichukue namba hizi kama bei ya soko. Wekeni zenu, baada ya kuuliza garaji mbili ao tatu za Uvira, na kama mutaweza, za Bukavu ao Bujumbura.

Bei ya chuma. Kamio tupu inapima kilo 4.000, na munuzi wa chuma analipa dola 0,15 kwa kilo: ni dola 600. Hii njo bei ya chini kabisa. Chini ya hapo hakuna sababu ya kuuzisha.

Bei ya vipande. Motere 1.200, bwati ya vitesi 500, difransieli 500, kabini 200, na chuma iliyobaki 300: jumla dola 2.700. Lakini kuuzisha vipande kunachukua miezi, piyesi nzuri zinatoka kwanza, na wezi wanakuja usiku. Njia hii inafaa kama shasi imeoza ao karatasi hazitapatikana.

Bei ya kamio nzima. Tuseme kamio ya aina yenu, inayotembea na yenye karatasi, inauzishwa dola 8.000. Toeni garama za kuirudisha barabarani: mipira sita 1.200, batri mbili 240, freni 350, pompe na enjekteri 600, ambreyaji na piyesi ndogo 310, kazi ya fundi 400, karatasi 300. Garama yote ni 3.400. Inabaki 4.600. Munuzi pia anaogopa matatizo yasiyoonekana, kwa hiyo atataka kutoa tena kama 1.000. Basi bei ya haki, kamio ikiwa vile ilivyo leo, ni karibu dola 3.600.

Muone tofauti: mutu wa chuma anatoa 600, hesabu inasema 3.600. Dola 3.000 zinapotea sababu tu ya kutokukaa siku mbili na daftari.

Wengine watauliza: je, tutengeneze kwanza, tuuzishe 8.000? Angalieni vizuri. Mutatoa 3.400 mbele, na motere inaweza kuleta siri ingine. Kama koperative haina makuta yale, musikope kwa ajili ya hiyo. Kutengeneza kidogo kunalipa zaidi: kusafisha, kuweka karatasi sawa, kuonyesha kwamba motere inazunguka kwa mukono.

Bei ya wapenda vitu vya zamani. Ni kweli, Ulaya kuna watu wanaotafuta Mercedes-Benz zenye pua fupi, zile zilizoanza kutengenezwa mu 1959, na wanazigeuza nyumba za safari. Lakini bei ya kule si bei ya Rugenge. Kati yenu na yule munuzi kuna meli ya Kalundu mpaka Kigoma, reli mpaka Dar es Salaam, bahari, na duane kila fasi. Mutu akiwaambia "Ulaya hii ni dola 20.000", mujibu: alete munuzi mwenyewe, alipe hapa. Mukumbuke pia kwamba kwa jirani wa Tanzania watu wanatembeza upande wa kushoto wa barabara. Kamio yenye usukani wa kushoto itamufaa zaidi munuzi wa Kongo ao wa Burundi.

5. Kuuzisha mbele ya watu wote

Kongo iliingia mu OHADA mu 2012, na sheria ya OHADA ya koperative inataka koperative iongozwe na wanamemba wenyewe, na kazi ya komite iangaliwe na tume ya usimamizi. Kwa kamio, tunashauri hivi:

– Mukutano mukubwa wa wanamemba uamue kuuzisha, na uweke bei ya chini. Yote iandikwe mu PV, na sahihi.
– Tangazeni kwa juma mbili ao tatu: sokoni, garajini, ku radio ya muji, ku kanisa na ku musikiti.
– Wanunuzi walete bei ndani ya bahasha iliyofungwa. Zifunguliwe siku moja, saa moja, mbele ya wanamemba.
– Mutu wa komite, ao ndugu yake, akitaka kununua, aseme mapema, atoke mu kikao, naye alete bahasha kama wengine.
– Andikeni mu mukataba: "inauzishwa vile ilivyo", na matatizo yote munayoyajua. Fanyeni sahihi mbele ya notere.
– Kamio haitoki parselini mbele ya makuta yote kuingia. Na musisahau kubadilisha jina ku karte. Kama kamio ingali na jina la koperative na inagonga mutu ku barabara ya Sange, watakuja kwenu.

Kwa makuta: hesabuni dola moja moja kwa mwangaza wa muchana. Muko munajua namna noti yenye kupasuka kidogo inakataliwa kwetu. Vizuri zaidi munuzi alipe moja kwa moja kwenye konti ya koperative, ku banki ao ku COOPEC, mupate risiti.

Na mupange matumizi mbele ya kuuzisha, si nyuma. Makuta yasiyo na kazi yanajitafutia kazi. Mukutano useme wazi: kwanza madeni ya kweli ya ile kamio, kama kodi ya parseli iliyoilinda, kisha mali ingine inayobaki, kwa mufano mashini ya kukoboa mpunga ao depo isiyoingiza maji. Kama munagawanya kitu kwa wanamemba, angalieni liste ya zamani, musiwasahau wajane na yatima wa wale waliotoa mchango wa kwanza.

Kila masika inayopita inakula shasi kidogo na bei kidogo. Kwa hiyo mbele ya mvua ingine, tumeni watu watatu: mumoja wa komite, mumoja wa usimamizi, na fundi mumoja asiyetaka kununua. Wapeni tochi, burashi ya chuma, nyundo na daftari. Wakirudi na namba ya shasi na hesabu ya bei tatu, yule munuzi wa "leo leo" anaweza kufika saa yoyote. Mutakuwa na neno la kumujibu.