Unataka Nduthi Kubwa ya Mtumba? Wachana na Kilomita, Angalia Miaka

Unajua vile huanza. Beshte anakutumia picha usiku: mashine kubwa, kioo cha upepo mbele, mabegi magumu pembeni, na bei iko chini ya Vitz iliyochoka. Chini ya picha muuzaji ameandika, "Kilomita chache sana, imekaa tu kwa gereji." Roho inaruka, unaanza kuhesabu chama na sacco. Tulia kwanza. Hiyo sentensi ndiyo huingiza wasee box.

Hizi mashine zinaitwa sport tourer. Hazikulazi juu ya tangi kama zile za mashindano, na pia si ngamia. Unakaa wima kiasi, wa nyuma haumii mgongo, na ukifungua mafuta inaamka kweli. Majina utakayoskia sana ni Yamaha FJR1300, Honda VFR800 na Honda Pan European. FJR ina injini ya 1298cc, tangi ya lita 25, na haina cheni, nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti. VFR ni ndogo, 782cc, V4 yenye mlio tamu, na inatumia cheni.

Sasa turudi kwa "imekaa tu." Pikipiki ikikaa, inaoza polepole. Mpira unakauka na kupasuka, petroli inageuka gundi kwa injekta, mafuta ya breki yanafyonza unyevu, betri inakufa. Manze, VFR ya 2003 yenye kilomita 15,000 inaweza kukula doh kushinda yenye 70,000 ambayo mwenyewe alikuwa anaifanyia servisi na ako na risiti. Na soma dashibodi poa: zilizotoka Uingereza huhesabu maili. Ukiona 30,000 hapo, hiyo ni karibu kilomita 48,000.

Anza na tairi. Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata hadi tarakimu nne za mwisho. 2316 inamaanisha wiki ya 23, mwaka wa 2016. Tairi kama hiyo inaweza kuwa na meno fiti kabisa, lakini mpira umekuwa mgumu kama plastiki. Kona za kushuka Mai Mahiu na mvua kidogo, hapo ndipo utajua haujui. FJR na VFR zote zinavaa 120/70 mbele na 180/55 nyuma, rimu ya inchi 17, na hiyo si saizi ya kuokota kwa duka la spea za boda. Kama zimezeeka, toa bei ya tairi mbili mpya kwa hesabu kabla mshikane mikono. Muuzaji akinuna, wacha anune.

Mwambie asiiwashe kabla ufike. Ukifika gusa injini na mkono. Ikiwa na joto, kuna kitu ameficha kuhusu vile inawaka asubuhi, so rudi siku ingine. Ikiwaka, weka mita ya volti kwa betri na upandishe injini hadi mizunguko 5,000. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, shida inaweza kuwa regyuleta au koili za kuchaji, na VFR zina jina baya kwa hiyo kitu. Hii ndiyo hukuacha Gilgil saa mbili usiku bila taa.

Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani pole pole. Ukiskia kama inaingia kwa kijishimo katikati, bearing zimeisha. Futa nguzo za shoku za mbele na kitambaa, ukae juu, bonyeza mara kadhaa, uangalie tena. Mafuta yakitokea, sili zimeenda. Kwa VFR kuna kitu ingine: breki zimeunganishwa, ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kiasi. Fundi wa boda, hata akiwa mkali aje, anaweza kukosa kutoa hewa yote huko ndani. Tafuta mwenye ashaigusa.

Karatasi ni fupi lakini usiruke. Fanya search ya NTSA kupitia eCitizen wewe mwenyewe, usikubali skrinshoti. Jina lifanane na kitambulisho cha mtu mko naye, namba ya chassis ifanane na iliyochongwa kwa shingo ya usukani. Transfa ianzishwe mkiwa pamoja, si "nitakutumia kesho." Na kama leseni yako haina A2, hiyo mashine ni ya kupamba keja tu.

Umeibeba nyumbani? Kabla ya road trip, badilisha oili, filta, mafuta ya breki na maji ya kupoza. Usibishane na hiyo. Halafu uipime kwa mwili wako, kitu wasee wengi huruka. Inua nyuma hadi gurudumu litoke chini, pima kutoka ekseli hadi alama moja juu yake. Ishushe, keti ukiwa na helmeti na jaketi, beshte apime tena. Tofauti iwe milimita 30 hadi 40. Ikizidi, kaza springi. Ikiwa imekazwa mwisho na bado inazama, shoku imechoka, na hapo kila tuta la Mombasa Road litapiga chini. Ukibeba mtu na mabegi, pima upya.

Upepo wa tairi kwa VFR ni psi 36 mbele na 42 nyuma, upimwe asubuhi kabla utoke.

Siku ya kwanza usiende Nanyuki. Tafuta parking tupu Jumapili, ujifunze kugeuza na kusimamisha. FJR za miaka ya karibuni zinafika karibu kilo 290 tangi ikijaa, na ikianza kulala upande haushiki. Zunguka kama kilomita 50, rudi, kagua kila nati na uangalie kama kuna tone la mafuta pale ulipoiegesha.