Tumbaku ya Sigaa: Upande Ndani, Ununue Majani, au Ununue Zilizosokotwa?

Mbegu za tumbaku ni rahisi mno, na urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Pakiti ya dola 4 inatosha kujaza ua mzima na kubaki, kwa kuwa gramu moja tu ina mbegu zaidi ya 10,000. Mtu akiangalia pakiti hiyo, kisha akakumbuka kwamba sigaa moja nzuri, ile nene iliyosokotwa kwa majani matupu bila karatasi, dukani ni dola 9, anaona njia iko wazi: taa ya mimea, vyungu vinne kwenye kona ya sebule, na mwaka kesho anavuta zake. Kabla hajaagiza taa, naomba apitie hesabu hizi.

Nimetumia bei za Marekani kwa sababu huko ndiko swali hili lina maana. Sheria ya shirikisho haitozi ushuru tumbaku unayolima kwa matumizi yako mwenyewe, majani makavu ya sigaa yanauzwa kwa ratili kwa mtu yeyote mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, na baridi ndiyo inayomfanya mtu afikirie kulima ndani. Wanaozungumza Kiswahili wako wengi huko pia. Lexington na Louisville zina jamii kubwa za watu waliotoka Kongo, na zote mbili ziko Kentucky, jimbo ambalo limeishi kwa tumbaku tangu enzi. Anayeishi fleti mjini Lexington anaweza kuendesha gari dakika chache akaliona shamba la tumbaku, akarudi nyumbani na hamu ya kujaribu.

Jibu langu kwa ufupi: kati ya vyote utakavyonunua, taa kubwa ndiyo inayorudisha kidogo kuliko vyote, na kabati la kuivishia majani ndilo linalorudisha zaidi. Watu wengi hufanya kinyume chake.

Kununua zilizosokotwa tayari

Sigaa za mkono kutoka Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika huja kwa madaraja mawili. Zile za fungu, zisizo na pete ya jina kubwa, huwa dola 2 hadi 4 kwa moja. Zile za sanduku zenye jina huwa dola 7 hadi 12, na zipo za juu zaidi. Ushuru wa shirikisho ni asilimia 52.75 ya bei anayouzia mtengenezaji au mwagizaji, lakini una kikomo: hauzidi senti 40.26 kwa sigaa moja. Kwa hiyo kwenye sigaa ya bei kubwa ushuru huo ni sehemu ndogo, na kinachotofautisha bei baina ya jimbo na jimbo ni kodi ya jimbo lenyewe.

Faida ya njia hii ni kwamba unalipia kazi iliyokwisha. Jani limekaushwa, limechachushwa kwenye malundo makubwa, limekaa miezi au miaka, na limesokotwa na mkono uliozoea. Anayevuta moja kwa mwezi hana sababu ya kihesabu ya kutafuta njia nyingine.

Kununua majani na kusokota mwenyewe

Sigaa ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kufungia, na jani la juu linaloonekana. Majani ya ndani huuzwa karibu dola 25 kwa ratili, yaani gramu 454. Nusu ratili ya majani ya kufungia ni kama dola 15, na nusu ratili ya majani ya juu, ambayo lazima yawe mazima yasiyo na tundu, ni kama dola 25. Ongeza dola 15 za usafirishaji, jumla dola 80.

Majani hayo hufika yakiwa makavu, na ukiyakunjua hivyo yanavunjika. Yanyunyizie maji kidogo, yafunge kwenye mfuko wa plastiki usiku kucha, asubuhi yatakuwa laini kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi. Hapo ndipo unatoa mshipa wa katikati: unaubana karibu na ncha ya jani, unauzungushia kidoleni, kisha unauvuta taratibu kuelekea kwenye kikonyo huku mkono mwingine ukilishikilia jani. Ukienda pole, unabaki na nusu mbili safi, ya kushoto na ya kulia. Mshipa huo ni takriban robo ya uzito, na lazima uuhesabu kama hasara: ratili moja ya majani ya ndani inakuachia gramu 340 hivi.

Sigaa ya ukubwa wa kawaida ina gramu 12, na kati ya hizo tisa ni majani ya ndani. Gramu 340 zinatoa sigaa 37, na dola 80 ukizigawa kwa 37 unapata dola 2 na senti 16 kila moja. Vifaa ni kisu cha kukatia, ubao, gundi ya mimea na kalibu ya kubania sigaa ili ipate umbo. Vyote kwa pamoja havizidi dola 80 na hudumu miaka.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye bei. Unaweza kuchanganya. Majani ya juu ya mmea, yaliyopigwa jua zaidi, ni mazito na makali. Ya katikati hutoa harufu. Ya chini ni mepesi na husaidia sigaa kuwaka vizuri. Anayesokota mwenyewe huanza kuelewa kwa nini sigaa moja inazimika kila mara na nyingine inawaka hadi mwisho.

Kupanda ndani, mwanzo hadi mwisho

Sasa hesabu ya sebuleni, kwa mimea minne. Taa ya LED inayokula wati 200 ni dola 150. Vyungu vinne vya lita 20, dola 16. Udongo, dola 40. Feni, dola 25. Saa ya kuwasha na kuzima taa pamoja na kipimo cha unyevu, dola 20. Mbegu, dola 4. Jumla dola 255.

Kisha umeme. Taa hiyo ikiwaka saa 14 kwa siku inakula uniti 2.8. Mmea ukikaa chini yake siku 110, ni uniti 308. Kwa senti 17 kwa uniti, bei iliyo karibu na wastani wa nchi, hiyo ni dola 52. Msimu wa kwanza umekugharimu dola 307.

Mavuno? Mmea wa kwenye chungu chini ya taa ukitoa gramu 50 za jani kavu umefanya vizuri. Minne ni gramu 200, ukitoa mishipa zinabaki 150, nazo ni sigaa 12. Kila moja imekula zaidi ya dola 25. Hata ukitumia vifaa hivyo hivyo kwa misimu minne, gharama inashuka hadi kama dola 10 kwa sigaa, na dola 4 na ushei kati ya hizo ni umeme peke yake, ambao haupungui kwa mazoea.

Pesa kando, jani lenyewe lina upungufu. Tumbaku ni mmea wa jua kali, mrefu kuliko mtu ukiachwa ukue utakavyo. Chini ya taa majani hutoka mapana lakini membamba, na yale mazito ya juu yanayoipa sigaa nguvu hayaivi ipasavyo. Wadudu nao hufurahia chumba chenye joto kisicho na adui zao. Vidukari na inzi weupe wakishaingia ni vigumu kuwatoa. Tumbaku pia hushiriki ugonjwa wa virusi vya batobato na nyanya na pilipili, na virusi hivyo huweza kuja kwa mikono ya mtu aliyetoka kushika sigara. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Wembamba huo una sehemu moja ya kuutumia: jani la juu la sigaa. Wakulima wa bonde la Connecticut wamefunika mashamba kwa kitambaa tangu 1900 ili kupata jani jembamba, laini, la rangi ya dhahabu, na Ekwado hupata jani la namna hiyo kwa sababu ya mawingu yake. Mmea mmoja chini ya taa ya wati 100 unaweza kukupa majani kumi mazuri, nusu mbili kila moja, yaani vifuniko 20. Umeme wake ni dola 26, kama dola 1 na senti 30 kwa kifuniko, wakati cha kununua hakifiki senti 70. Hapo ndipo kulima ndani kunapokaribia kulipa, na bado hakulipi.

Pesa iende wapi

Jani la kijani lililokaushwa tu haliwi tumbaku ya sigaa. Msomaji aliyekulia Urambo au Tabora anayajua mabani ya tumbaku ya mvuke: joto la haraka, jani linakauka likiwa bado la manjano na sukari yake ndani. Hilo ni la sigara za karatasi. Jani la sigaa huning'inizwa kivulini penye hewa na unyevu wa wastani, wiki sita hadi nane, lipoteze sukari taratibu na kugeuka kahawia. Likikaushwa upesi hubaki na kijani, na kijani hicho hakitoki tena; moshi wake unachoma ulimi.

Baada ya hapo ni kuchachua. Viwandani hurundika majani kwa maelfu ya ratili hadi lundo lijitie joto lenyewe. Gramu 400 za nyumbani haziwezi kujitia joto, kwa hiyo wapandaji hutengeneza kabati: friji mbovu au boksi la barafu, sufuria la umeme lenye maji chini, kidhibiti joto, na kipimo cha unyevu. Nyuzi 50 za Selsiasi, unyevu asilimia 70 hadi 75, wiki tano. Kwa joto hilo ukungu haukui. Siku za mwanzo ukifungua mlango harufu ya amonia inakupiga puani. Ikiisha na kuja harufu tamu, jani linaelekea kuiva. Kabati zima ni kama dola 100, na umeme wa wiki tano ni uniti 42 hivi, dola 7. Liweke gereji au kibandani, mbali na vyumba vya kulala.

Ndiyo maana nashauri hivi: miche ndani, mmea nje, kuivisha ndani. Mbegu zinyunyizwe juu ya udongo wenye unyevu bila kufukiwa, kwa sababu zinahitaji mwanga ili kuota. Taa ndogo ya wati 25 ya dola 25 inatosha kwa wiki saba za kwanza. Kisha jua lifanye kazi bure.

Kwa mimea sita nje, mwaka wa kwanza: vyungu dola 24, udongo 60, mbolea 15, mbegu 4, taa ndogo 25, kabati 100, umeme wote 10. Jumla dola 238. Mmea wa nje hutoa kama gramu 100. Ukitoa mishipa na majani yaliyoharibika unabaki na gramu 400, sigaa 33, dola 7 na senti 20 kila moja. Mwaka wa pili unanunua udongo wa kuongezea, mbolea na umeme, dola 45, na sigaa inashuka hadi dola 1 na senti 36. Hapo umewashinda wauza majani.

Afya na sheria

Sigaa ya nyumbani si salama kuliko ya dukani. Sigaa moja kubwa inaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na moshi wake huleta saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu, hata kwa asiyeumeza. Asiyevuta asianze kwa sababu ya makala haya. Jani bichi lina hatari yake pia: likiwa na umande, nikotini hupenya kwenye ngozi, na wavunaji hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Vaa glovu na mikono mirefu, vuna majani yakiwa makavu. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbwa anayetafuna kila kitu, usipande kabisa.

Marekani, unacholima kwa ajili yako usikiuze. Kuuza kunahitaji kibali na ushuru. Australia, kulima bila leseni ni kosa. Tanzania, mkulima wa tumbaku husajiliwa na Bodi ya Tumbaku, hata kama shamba ni dogo. Na popote unapopanga, soma mkataba wa pango kabla ya kuweka mmea wenye harufu.

Uamuzi

Anayevuta mara chache anunue zilizosokotwa. Anayevuta mara kwa mara na anaishi fleti isiyo na baraza lenye jua anunue majani na kalibu. Dola 2 kwa sigaa ni vigumu kuzishinda. Mwenye ua au baraza la kusini, na subira ya mwaka, ndiye pekee ninayemshauri kupanda, na hata yeye asokote kwanza majani ya kununua ili ajue jani lililoiva linavyoshikika na kunukia.

Kwa Kentucky kalenda ni hii: mbegu mwishoni mwa Machi, kuhamishia nje katikati ya Mei baridi ikishapita, kukata ua linapochomoza na kung'oa machipukizi kila wiki, kuvuna Agosti, kuning'iniza hadi Oktoba, kabati Novemba. Sigaa ya kwanza inayostahili kuwashwa ni ya mwaka unaofuata, na anayeona muda huo ni mrefu mno ameshapata jibu lake: anunue majani.