Boti Ndogo, Bahari Kubwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 uliipa kila nchi yenye pwani mamlaka juu ya samaki na mali nyingine za baharini hadi maili 200 za baharini, yaani kilomita 370 hivi, kutoka ufukweni. Kenya ilikuwa mstari wa mbele kulipigania wazo hilo, na mwaka 1972 iliwasilisha rasimu yake Umoja wa Mataifa. Visiwa vya Pasifiki vilipata neema iliyokuja na mzigo. Kiribati, ambayo nchi yake kavu haifiki kilomita za mraba 900, ilijikuta na bahari ya takriban kilomita za mraba milioni 3.5, yenye jodari wengi wanaowindwa na meli za mataifa tajiri. Haki hiyo ilihitaji chombo cha kuisimamia. Chombo kilichopatikana ni boti za doria za Pasifiki, ambazo sasa zimestaafu, na historia yake yatosha kuthibitisha kwamba taifa dogo laweza kulinda bahari yake iwapo litapewa chombo kinacholingana na uwezo wake.

Australia iliunda boti 22 na kuzitoa msaada kwa nchi 12 kati ya mwaka 1987 na 1997. Ya kwanza, Tarangau, ilikwenda Papua New Guinea. Kila boti ilikuwa na urefu wa mita 31.5, ilikwenda kilomita 37 hivi kwa saa, na iliendeshwa na mabaharia wasiofika 20. Uamuzi wa busara kuliko yote ni kuziunda kwa viwango vya meli za biashara badala ya vile vya manowari, ili vipuri vipatikane kwa urahisi na mafundi wa visiwani waweze kuzitengeneza. Pamoja nazo walikuja washauri wa jeshi la majini la Australia na mafunzo kwa mabaharia. Nyingi zilitumika kwa takriban miaka 30, hadi boti kubwa zaidi za aina ya Guardian zilipoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2018.

Wapo wanaosema Australia ilikuwa ikitafuta ushawishi. Ni kweli, lakini faida ya mtoaji haifuti faida ya mpokeaji. Hoja nzito zaidi ni kwamba Papua New Guinea ilizitumia boti hizo katika vita dhidi ya waasi wa kisiwa chake cha Bougainville, na kwamba mara nyingi boti zilikaa bandarini kwa kukosa fedha za mafuta. Hayo yanaonyesha kwamba msaada wa chombo haukamiliki bila masharti ya matumizi na bajeti ya kukiendesha. Wengine husema siku hizi setilaiti zatosha. Setilaiti huiona meli ya wizi, ila haiwezi kuipanda, kukagua shehena yake wala kumfikisha nahodha mahakamani. Mwaka 2015 nchi ya visiwa ya Palau iliteketeza boti za wavuvi haramu kutoka Vietnam, na ili kuziteketeza ilibidi kwanza zikamatwe.

Nchi yoyote ya pwani inayopewa au kununua boti ya doria na iulize kwanza nani ataitengeneza, nani atalipia mafuta, na itatumika dhidi ya nani. Visiwa vya Pasifiki vimekwisha kuonyesha kwamba maswali hayo yana uzito kuliko ukubwa wa boti yenyewe.