Vijiti Vyekundu Visivyo vya Kifua Kikuu

Mtu wa kwetu Ishiara, Kenya, aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, anayeloa jasho usiku na kuzidi kukonda, hushukiwa kwanza kuwa na kifua kikuu (TB). Ni haki ashukiwe hivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta wagonjwa 558 kwa kila Wakenya 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. TB ndiyo bado inayotuumiza.

Lakini bakteria wa TB ana jamaa wengi: mikobakteria zisizo za kifua kikuu, aina zaidi ya 190. Hizi hazihitaji mgonjwa ili ziishi. Zimo majini na udongoni, katika mto Thuci, ndani ya matangi na mabomba, katika vumbi linalotimka mtu akilima shamba la ndengu. Hujishikiza kwenye utando wa ute ndani ya bomba, na klorini inayoua vijidudu vingine haiziwezi kwa urahisi. Sote tunazivuta na kuzimeza, na wengi hatudhuriki. Anayeugua mara nyingi ni yule ambaye mapafu yake yalikwisha kuumia: aliyepona TB akabaki na makovu na mashimo, mchimba mawe aliyevuta vumbi miaka mingi, au mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana. Tofauti na TB, kwa kawaida ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mwenzake.

Nchini Japani, kufikia 2014, wagonjwa wapya wa mapafu wa aina hii walikuwa 14.7 kwa kila watu 100,000, wakawapita wale wa TB ya mapafu. Huko TB imepungua, wazee wameongezeka na maabara zinatambua zaidi. Sisi hatujafika hapo.

Shida yetu inaanzia kwenye hadubini. Rangi ya Ziehl-Neelsen, tunayoitumia tangu karne ya 19, huzipaka mikobakteria karibu zote wekundu uleule. Anayechungulia huona vijiti vyekundu, naye huandika TB. Mgonjwa asiye na TB humeza dawa zake miezi sita bila nafuu, na vijiti bado vipo. Ataambiwa TB yake ni sugu kwa dawa, au atashukiwa kuwa aliruka vidonge. Shutuma hiyo ya pili inaniuma sana, kwa sababu hutupiwa mtu aliyemeza kila kidonge huku majirani wakimkwepa.

Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, hutafuta vinasaba vya kundi la TB peke yake. Tena ni kali kuliko hadubini: hadubini huhitaji vijidudu kati ya 5,000 na 10,000 katika mililita ya makohozi, mashine huhitaji chini ya 200. Kwa hiyo hadubini ikisema vipo na GeneXpert ikasema hapana, tusidhani mashine imekosea. Jibu hilo linaelekeza kwa wale jamaa.

Hapo makohozi huoteshwa maabara, na si mara moja tu. Kwa kuwa bakteria hizi zimo hata kwenye maji ya bomba, sampuli moja inaweza kuwa imechafuka. Daktari hutaka angalau mbili za siku tofauti zioteshe aina ileile, dalili ziwepo, na picha ya kifua ikubaliane nazo. Kundi la jamaa hao liitwalo avium, linalojulikana zaidi, hutibiwa kwa azithromaisini, rifampisini na ethambutoli, na dawa huendelea miezi 12 baada ya makohozi kuwa safi. Wengine hawapewi dawa mara moja, hufuatiliwa tu.

Ukiambiwa uanze tena dawa za TB kwa sababu za kwanza hazikufaa, usiziache kwa uamuzi wako. Muulize daktari: makohozi yangu yalipimwa kwa GeneXpert? Ilisema nini? Yameoteshwa? Na kama bado, sampuli itapelekwa lini?