Simu mbili, kalenda moja: kumkabidhi msaidizi amana ya miadi

Imamu anayefungisha ndoa, katibu wa chama cha msingi cha kahawa, mkuu wa shule na mama mwenye duka mjini Kayanga wanafanana kwa jambo moja: miadi yao imezidi uwezo wa kumbukumbu ya mtu mmoja. Ndiyo maana wengi wao huwa na msaidizi. Awe karani wa ofisi, mdogo wake au binti yake aliyemaliza kidato cha nne, kazi yake ni kupokea miadi, kuiandika na kumkumbusha mwenyewe. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa daftari moja lililokaa mezani. Leo hufanywa kwa simu mbili, moja ikiwa Kayanga na nyingine huenda iko Nkwenda au Murongo, na zote mbili zinatakiwa kusema jambo moja.

Uislamu umelipa suala la kuandikiana uzito mkubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni la muda maalumu, nayo inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Miadi si deni la fedha, lakini ni ahadi, na anayeandika ahadi za mwenziwe amebeba amana. Makala haya yanaeleza namna ya kuilinda amana hiyo, hasa kwa familia za Karagwe na Kyerwa, ambako jiografia nayo ina neno lake.

Kalenda ikae mahali pamoja

Kusawazisha kalenda si kunakili tarehe kutoka simu hii kwenda ile. Kumbukumbu yenyewe huhifadhiwa katika akaunti, kwa mfano ya Google, na kila simu iliyounganishwa na kalenda hiyo hubeba nakala inayojirekebisha panapokuwa na mtandao. Tatizo huanzia hapa. Simu nyingi zina pia kalenda yao ya ndani. Miadi ikiandikwa humo, itabaki humo humo. Msaidizi hataiona, naye aweza kumpangia mgeni mwingine saa ile ile. Kwa hiyo, kabla ya kuhifadhi miadi yoyote, tazama jina la kalenda inamoandikwa. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya akaunti, uhakikishe kuwa usawazishaji wa kalenda umewashwa na haukuzuiwa na hali ya kuokoa betri au data.

Mtandao ukikatika, miadi iliyoandikwa husubiri ndani ya simu ya aliyeiandika mpaka mtandao urejee. Hivyo badiliko la siku hiyo hiyo lisiachiwe kalenda peke yake. Lithibitishwe kwa kupigiana simu.

Mpaka wa ruhusa

Wapo wanaompa msaidizi neno la siri la akaunti nzima. Hilo ni sawa na kumpa ufunguo wa nyumba mtu aliyeombwa kufagia ua tu, kwani neno hilo hufungua pia barua pepe, picha na namba za watu. Njia salama ni kuunda kalenda mpya ya kazi, kisha kumshirikisha msaidizi kalenda hiyo peke yake kupitia akaunti yake mwenyewe.

Kalenda ya Google ina ngazi nne za ruhusa: kuona tu kama mwenyewe ana nafasi au hana, kuona maelezo yote, kubadilisha miadi, na kubadilisha pamoja na kuwashirikisha watu wengine. Msaidizi anahitaji ya tatu. Ya nne ibaki kwa mwenye kalenda.

Ifahamike kwamba mwenye ruhusa ya kubadilisha aweza kusoma hata miadi iliyowekewa alama ya faragha. Basi siku ya kliniki ya mke, shauri la talaka lililoletwa kwa sheikh au deni la ndugu havifai kuelezwa katika kalenda ya kazi. Yatosha kuandika "nina shughuli". Na msaidizi akiacha kazi, ruhusa yake iondolewe siku hiyo hiyo. Kufanya hivyo si kumdharau, bali ni kumvua mzigo asije akatuhumiwa kwa jambo asilolijua.

Saa ya ng'ambo ya mto

Magharibi ya wilaya hizi mbili kuna mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Uganda, inayopakana na Kyerwa, hutumia saa sawa na zetu, lakini Rwanda iko nyuma yetu kwa saa 1. Simu iliyoruhusiwa kujipangia saa kwa mtandao, ikinasa mnara wa ng'ambo, yaweza kujirudisha nyuma bila mwenyewe kutambua.

Tuseme mtu yuko kando ya mto na simu yake imehamia saa za Kigali. Akiandika kikao cha 10:00, kwa msaidizi aliye Kayanga kikao hicho kitaonekana kuwa cha 11:00. Kila mmoja ataamini yuko sahihi, na wageni watakaa saa nzima wakimsubiri mtu. Kubwa kuliko hilo ni kengele ya daku. Ikitegwa kulia saa kumi na moja kasorobo alfajiri, italia saa kumi na mbili kasorobo kwa saa za Tanzania, wakati ambapo muda wa kula umekwisha au unakaribia kwisha.

Tiba yake ni nyepesi. Katika sehemu ya tarehe na saa, zima uchaguzi wa saa za eneo unaojifanya wenyewe, kisha chagua Dar es Salaam au Nairobi. Msaidizi afanye vivyo hivyo katika simu yake.

Saa nne ipi?

Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huhesabu kuanzia asubuhi. Bosi akisema "saa nne" na msaidizi akaandika 4:00, kengele italia usiku. Wakubaliane kutumia mfumo wa saa 24, na katika kichwa cha miadi waongeze maneno: "Kikao cha wazazi, saa nne asubuhi". Maneno hayo yatafichua kosa la tarakimu mapema.

Nyakati za ibada

Wengine huingiza katika kalenda ya pamoja ratiba ya swala iliyotengenezwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi, na Karagwe iko takriban nyuzi 8 magharibi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua la Karagwe huzama karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, kwa kuzidi au kupungua dakika kadhaa kulingana na majira. Anayefuturu kwa kengele ya ratiba hiyo anafuturu jua likali juu. Programu ya swala iwekwe mahali ulipo, na macho yabaki kuwa shahidi.

Vivyo hivyo kwa kalenda ya Hijria iliyomo simuni, ambayo hutokana na hesabu na yaweza kutofautiana kwa siku moja na mwezi unaoandama. Ramadhani na Idi ziandikwe "inatarajiwa" mpaka tangazo la mwezi litolewe. Ndipo msaidizi asogeze miadi yote iliyozitegemea.

Ndugu msomaji, haya yote yahitaji nusu saa ya mazungumzo. Ijumaa baada ya swala, mwenye kalenda na msaidizi wake waketi pamoja na simu zao mkononi. Mmoja aandike miadi ya majaribio, mwingine asome anachokiona: jina, siku, saa. Kisha wabadilishane zamu. Vikilingana, wapitie miadi ya wiki inayofuata moja baada ya nyingine, na wafanye hivyo kila Ijumaa.